Mashine tatu, parseli moja: kusoma tena makala ya Goldberg



Kuna maandishi ambayo kila mtu wa informatiki anayataja na wachache sana wameyasoma mpaka mwisho. Mimi niliyataja kwenye memware yangu bila kuyasoma. Niliandika jina la mwandishi na mwaka, nikapewa pointi zangu, nikaenda nyumbani. Leo nataka kulipa hilo deni, na nitalilipa kwa kuyakosoa kidogo, ju mtu hakosoi kitu asichokisoma.

Nasema juu ya makala ya David Goldberg, "What Every Computer Scientist Should Know About Floating-Point Arithmetic". Yaani mambo ambayo kila mwanasayansi wa kompyuta anapaswa kujua kuhusu hesabu za namba zenye nukta inayoelea. Goldberg alikuwa anafanya kazi Xerox PARC, Marekani. Makala ilitoka mwezi wa tatu 1991 katika jarida la ACM Computing Surveys. Ukiuliza mahali popote kwa nini 0.1 jumlisha 0.2 inatoa 0.30000000000000004, mtu atakutupia hiyo makala na kukuambia: "Soma". Anakutupia sawa na mtu anayemtupia mgeni funguo za nyumba bila kumwonyesha mlango.

Kabla ya kufika kwa Goldberg, nipite kwanza kwenye parseli.

Parseli ya mama mmoja

Mwaka ule nilikuwa nasaidia kaka mmoja anayepima viwanja, hapa Bukavu. Yeye anakwenda na kifaa chake, analeta kuratibu za kila kona ya parseli, mimi naziingiza kwenye programu ndogo niliyoandika kwa lugha ya C, programu inatoa eneo. Kanuni ni ile ya kila mtu: unazungukia kona moja baada ya nyingine, unazidisha mashariki ya kona hii na kaskazini ya kona inayofuata, unatoa kinyume chake, unajumlisha yote, unagawa kwa mbili. Kwa namba nilichagua aina fupi, ile ya biti 32. Kwenye daftari la kozi iliandikwa kwamba inabana nafasi, na mimi niliamini kwamba kubana nafasi ni akili.

Mama mmoja mjane alitaka kugawa parseli yake kwa watoto wawili. Nabadilisha namba ili asijulikane, na nairahisisha parseli iwe mstatili ulionyooka, lakini hesabu ni ya kweli, unaweza kuirudia leo jioni kama umeme uko. Mashariki ilianza mita 707,412.25 ikaishia 707,432.25. Kaskazini ilianza 9,722,318.60 ikaishia 9,722,333.40. Msishangae ukubwa wa namba. Kwetu chini ya Ikweta, mfumo wa UTM unaipa Ikweta mita milioni 10 ya kaskazini, na Bukavu iko karibu kilomita 280 kusini yake.

Kompyuta ya zamani ya kaka, ile nzito ya biti 32, ikatoa mita za mraba 280. Tukachapisha karatasi. Mama akaiangalia, akatuangalia.

"Batoto bangu, miye sijasoma. Lakini ile parseli marehemu aliipima na kamba, mara mbili, mbele yangu. Chumba kimoja mumekipeleka wapi?"

Nikamjibu kwa heshima, na bado naona haya: "Mama, ni kompyuta ndiyo imesema."

Hakusema tena. Alikunja karatasi, akasema atamwonyesha mtoto wake wa kwanza. Bahati yetu, na bahati yake, ni kwamba jioni ile nilihamisha programu kwenye laptopi yangu mpya ili nimalize kazi nyumbani. Laptopi ikatoa eneo la parseli ile ile: 0. Sifuri kamili. Nikacheka, nikadhani nimekosea kuandika. Nikamtumia rafiki yangu programu, yeye anaandika kodi kwenye simu ju hana kompyuta. Simu yake ikatoa zaidi ya mita za mraba 161 elfu. Hekta 16! Mama mjane akawa na parseli kubwa kuliko mtaa mzima.

Programu moja, namba zile zile, mashine tatu, majibu matatu. Hapo ndipo nilipofungua Goldberg kwa mara ya kwanza kwa kweli.

Alichosema vizuri

Niseme wazi: Goldberg ana haki yake. Jambo la kwanza analofundisha, na anafundisha kwa utulivu, ni kwamba kompyuta haina namba zote. Ina namba chache tu, zimepangwa kama nguzo za uzio, na kila jibu linalodondoka katikati ya nguzo mbili linasukumwa kwenye nguzo iliyo karibu. Nguzo zinakaribiana pale namba ni ndogo, zinaachana pale namba ni kubwa.

Namba fupi ya biti 32 ina biti 24 za kubeba tarakimu zenye maana, karibu tarakimu 7 za kwetu. Kaskazini ya mama ilihitaji 9. Juu ya 8,388,608, nguzo za namba fupi zinaachana mita 1 nzima. Kwa hiyo 9,722,318.60 ilisukumwa ikawa 9,722,319, na 9,722,333.40 ikawa 9,722,333. Upande wa mita 14.80 ukawa mita 14. Zidisha kwa 20: badala ya 296 unapata 280. Mita za mraba 16 zimepotea wakati wa kuingiza namba, kabla hata hesabu haijaanza. Mita 4 kwa mita 4. Chumba kimoja, kama mama alivyosema.

Jambo la pili ni lile la kufutana. Ukitaka kujua uzito wa kuku, unaweza kupima lori likiwa na kuku ndani, kisha ukalipima bila kuku, ukatoa. Kwa mahesabu ni sahihi. Kwa mizani ya lori ni wazimu, ju mizani inakosea kilo 20 kila upande na kuku ana kilo 2. Goldberg anatofautisha kutoa kusiko na madhara, pale namba mbili zinajulikana kikamilifu, na kutoa kunakoharibu, pale namba mbili zimekwisha kufupishwa na kutoa kunafuta tarakimu nzuri, kunabakiza takataka. Kutoa kwenyewe hakuongezi kosa. Kunalifunua lile lililokuwa limejificha. Hiyo sentensi moja ya maarifa inastahili kozi nzima, na mimi sikuisikia hata siku moja oditwarini.

Sasa angalia kanuni ya eneo. Mashariki mara kaskazini ni karibu 6,877,687,559,000, bilioni elfu karibu saba. Pale juu, nguzo za namba fupi zinaachana 524,288. Tunatafuta kuku wa 296 kwenye mizani inayoruka laki tano na zaidi kwa kila hatua.

Kwa nini mashine hazikukubaliana

Laptopi yangu ilifanya nilichoiomba. Kila ilipozidisha, ilifupisha jibu palepale kwa ukubwa wa namba fupi. Majibu manne yakasukumwa kila moja kwenye nguzo yake, yalipotolewa yakafutana yote, ikabaki sifuri.

Kompyuta ya zamani ilifanya kazi kwa njia nyingine. Tangu chipu ya 8087 ya Intel, mwaka 1980, jamii ile ya prosesa ilikuwa na rejista za hesabu za biti 80. Unaweza kuomba namba fupi, lakini wakati hesabu iko ndani ya rejista inabebwa na biti 64 za tarakimu. Hapo bilioni elfu saba zinaingia bila kufupishwa, na hesabu ya 14 mara 20 inatoka sahihi: 280. Sahihi kwa namba ambazo zilikuwa zimekwisha kuharibika mlangoni.

Na hata mashine hiyo haikuwa na neno moja. Nilipoondoa amri inayomwambia mkompaila aharakishe programu, ili niifuatilie vizuri hatua kwa hatua, mashine ile ile ikasema 276.25. Kwa nini? Bila amri ile, jumla ilikuwa inatolewa kwenye rejista na kuandikwa kwenye memori kila mzunguko, na kwenye memori iko fupi. Kumbe kosa linabadilika ju uko unaliangalia. Mtu anayetafuta panya kwa tochi ataelewa.

Simu nayo ina prosesa ya ARM ya biti 64, yenye amri inayozidisha na kujumlisha kwa mara moja na kufupisha mara moja tu mwishoni. Hiyo ni amri nzuri. Iliingia kwenye kanuni ya kimataifa, IEEE 754, katika marekebisho ya 2008. Lakini kwenye kanuni yangu, mkompaila aliitumia kwa upande mmoja wa kutoa: zao moja likabaki kamili, lingine likafupishwa. Yakiwa yamefupishwa yote mawili, makosa yalifutana. Lilipobaki moja, kosa likatoka nje likiwa uchi: hekta 16.

Prosesa zote tatu zilikuwa nzima. Kila moja ilifuata sheria zake. Aliyekosea ni mimi.

Pale ninapomlaumu Goldberg

Goldberg anaonyesha mfano mmoja ambao ulinifanya nisimame. Programu inaweka 3.0 gawa kwa 7.0 kwenye sanduku, halafu inauliza kama sanduku ni sawa na 3.0 gawa kwa 7.0. Kwenye kompyuta ya IBM PC ya wakati ule, jibu: si sawa. Upande mmoja uko kwenye memori, umefupishwa. Upande wa pili uko kwenye rejista, ni mrefu. Huo ndio ugonjwa wa mashine ya kaka, umeelezwa tangu 1991.

Lakini tazama amewekwa wapi. Kabla ya kumfikia umepita kwenye misingi, ushahidi wa hesabu, teoremu, mjadala wa tarakimu ya akiba, faida za msingi wa 2, na kanuni yote ya IEEE. Jambo ambalo msomaji analikuta siku ya kwanza ya taabu yake, kwamba mashine mbili hazikubaliani, liko baada ya hayo yote, kama mgeni aliyechelewa harusini. Na si mimi peke yangu niliyeona pengo. Sun Microsystems walipochapa upya makala hiyo ndani ya kitabu chao cha mwongozo, waliongeza nyongeza ndefu ya Doug Priest kuhusu tofauti kati ya mashine zinazofuata kanuni ile ile moja. Nyongeza ya namna hiyo haiongezwi mahali ambapo hakuna kilichopungua.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi. Kichwa cha makala kinaahidi mambo ambayo *kila mtu* anapaswa kujua. Ndani, anafundisha kuthibitisha kwamba kanuni fulani ni salama. Hafundishi kutafuta. Mtu aliye na mistari elfu tano aliyoikuta kwa mwingine, na jibu lililopotoka, hana nafasi ya kuthibitisha teoremu. Anahitaji kujua aanzie wapi. Daktari anayekueleza vizuri malaria ni nini, lakini hakuonyeshi kuchukua damu, amekufundisha nusu.

Nusu ile nyingine niliikuta kwa mtu ambaye hakuandika makala kubwa. Thomas Nicely alikuwa profesa wa mahesabu katika chuo kidogo cha Lynchburg, jimbo la Virginia. Mwaka 1994 alikuwa anajumlisha vinyume vya namba tasa pacha kwenye kompyuta kadhaa. Alipoongeza kompyuta ya Pentium, majumlisho yakaachana na ya zingine. Hakusema "mashine imeharibika", wala hakusema "tofauti ni ndogo, tuendelee". Kwanza alijishuku yeye mwenyewe. Kisha mkompaila. Kisha kompyuta yenyewe, kifaa kimoja baada ya kingine. Alibadilisha kitu kimoja kwa wakati, miezi mingi, akalibana kosa mpaka kwenye kugawa 1 kwa namba moja tu: 824,633,702,441. Mwezi wa kumi akawa na hakika kwamba ni prosesa yenyewe inayogawa vibaya.

Intel walipochunguzwa ikaonekana kwamba kwenye jedwali la ndani la kugawa, nafasi 5 kati ya 1,066 hazikuwa na kitu. Mtu yeyote aliweza kujaribu: 4,195,835 gawa kwa 3,145,727 inatakiwa kutoa 1.33382, Pentium yenye kosa ilitoa 1.33374. Mwanzoni kampuni ilitaka mteja aonyeshe kwanza kwamba kazi yake inahitaji prosesa nzuri. Kelele zikawa nyingi, na tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1994 ikakubali kumbadilishia yeyote anayeomba. Ilitenga dola milioni 475 kwa hasara hiyo. Yote yalianza na mwalimu mmoja aliyekataa kupuuza majumlisho mawili yasiyofanana.

Ukiniuliza ni nani kati ya hao wawili anayepaswa kusomwa kwanza na mwanafunzi, nitasema Nicely. Goldberg anakupa kamusi. Nicely anakupa tabia.

Kukubaliana si ukweli

Kuna wengine watasema: shida ni mashine kutofautiana, tuzilazimishe zote zijibu sawa. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi ya lugha ya Java, andika mara moja, iendeshe popote. Mwaka 1998 William Kahan, profesa wa Berkeley ambaye ni kama baba wa IEEE 754, pamoja na Joseph Darcy, waliandika kuilaumu vikali hesabu ya Java. Kwa maoni yao, kulazimisha kila mashine ishuke kwenye usahihi wa chini ili zifanane ni kumnyima mtu wa kawaida ulinzi ambao rejista ndefu zilimpa bila yeye kujua. Mwaka huo huo Java ililegeza kidogo, ikaweka neno maalumu kwa anayetaka ukali. Mwaka 2021, toleo la 17 likarudisha ukali kwa wote, ju prosesa mpya zilikuwa zimeondoa sababu ya kulegeza.

Mimi nilisoma ugomvi huo nikiwa na karatasi ya mama mkononi, na nikaona kila upande una nusu ya haki. Kahan anasema kweli: rejista ndefu inaokoa wengi. Mashine ya zamani ilinipa 280 pale laptopi ilinipa sifuri. Lakini hebu fikiria. Sifuri inapiga kelele. Hekta 16 zinachekesha. 280 inafanana na ukweli, inavaa shati safi, inasainiwa na kupigwa mhuri. Jibu lililokuwa karibu zaidi na 296 ndilo lilikuwa hatari zaidi. Kama mashine zote tatu zingekubaliana kwenye 280, leo watoto wa yule mama wangekuwa wanagombania chumba ambacho kwenye karatasi hakipo.

Kwa hiyo namshukuru laptopi kwa sifuri yake. Kutofautiana kwa mashine si aibu ya kuficha. Ni shahidi amekuja mwenyewe bila kuitwa.

Hapa Goldberg anarudi kwenye sifa yake. Watu wengi hutibu jambo hili kwa kusema: usiulize kama namba mbili ziko sawa, uliza kama tofauti yake ni ndogo kuliko kiasi fulani. Sisi wote tumefundishwa hivyo. Yeye anauliza swali linalokera: kiasi gani? Nani anakichagua? Na anaonyesha kwamba "karibu sawa" haina adabu ya "sawa". A iko karibu na B, B iko karibu na C, lakini A na C zinaweza kuwa mbali. Nimeona kwenye memware za wenzangu, na kwenye yangu, kiasi hicho kikichaguliwa mpaka jaribio lipite. Huko si kupima. Ni kuongeza ukubwa wa mlango mpaka mwizi apite kama mgeni.

Na sisi

Lawama ya mwisho naiweka kwetu. Mwezi wa pili 1991, siku chache kabla ya makala ya Goldberg kutoka, mfumo wa makombora wa Patriot kule Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kuzuia kombora la Scud. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa. Saa ya mfumo ilikuwa inahesabu sehemu za kumi za sekunde, na 0.1 haiishi kwenye msingi wa 2, ilikatwa kwenye biti 24. Baada ya masaa 100 bila kuzimwa, saa ilikuwa imekosea karibu theluthi moja ya sekunde, na Scud ndani ya theluthi moja ya sekunde inapita nusu kilomita. Mfano huu tunaupenda sana, tunausimulia kwenye semina kama sinema. Halafu tunarudi kuandika matokeo yenye tarakimu 15 nyuma ya nukta kutoka kwenye kipimo cha kamba. Tunaogopa kombora, hatuogopi parseli. Na kati ya hayo mawili, mimi na wewe kesho tutashika parseli: eneo, dozi ya dawa, mishahara, pointi za wanafunzi.

Kwa hiyo, kwa wale ambao bado wako na memware mbele yao, hii ndiyo njia niliyoipata kwa kuumia, na ningependa mtu angenipa mapema.

Anza na kitu ambacho jibu lake unalijua. Chukua mraba wa mita 10 kwa 10, kona yake moja kwenye sifuri. Programu itatoa 100. Kisha usukume mraba ule ule mpaka Bukavu, ongeza 707,000 mashariki na 9,722,000 kaskazini. Mraba haukui kwa kusafiri. Kama jibu limebadilika, umempata panya.

Endesha kwenye mashine mbili, au kwa mkompaila wawili, au na amri ya kuharakisha na bila amri. Majibu yakiachana, usichague lile unalolipenda. Chapa thamani za katikati kwenye pande zote mbili, na uzichape kwa biti zake, kwa msingi wa 16, ju desimali 6 za skrini zinaficha mengi. Tafuta mstari wa kwanza kabisa ambapo zinaachana. Huo wa kwanza, si ule mkubwa.

Rudia hesabu kwa namba ndefu zaidi. Kama jibu linaruka, hukuwa na jibu.

Halafu tengeneza kanuni, si dalili. Kwa parseli ilikuwa mistari miwili: kusoma kuratibu kwa namba za biti 64, na kutoa kona ya kwanza kwenye kona zote kabla ya kuzidisha. Parseli inaanza kwenye sifuri, namba zinakuwa 20 na 14.80, na mizani ya lori inageuka mizani ya kuku. Mashine zote tatu zikasema 296. Safari hii kukubaliana kwao kulikuwa na maana, ju nilijua kwa nini.

Kaka alichapisha karatasi mpya, tukampelekea mama sisi wenyewe. Nilimwomba msamaha. Akaiangalia muda mrefu, akaniuliza kama sasa kompyuta imesema vizuri.

Nikamwambia: "Mama, kompyuta imefikia kamba ya marehemu."

Someni Goldberg. Anzieni pale pa mashine, kisha mrudi kwenye teoremu mkiwa na jeraha lenu mkononi. Atawaingia. Na kama kuna kati yenu anayefundisha kozi ya analizi ya namba mwaka huu, namwomba atoe kipindi kimoja tu: wanafunzi walete simu na laptopi zao, waendeshe programu moja, na wakae mpaka waeleze kwa nini majibu hayafanani.

Mwenye parseli yake na mashine yake, aandike hapa chini amepata ngapi.